Mambo ya Kukagua Kwenye Gari Kabla ya Masika



Najua wengi wetu humu hatuna gari, tunagombania daladala tu. Lakini kila mtu ana kaka, mjomba au mshikaji anayeendesha. Soma, halafu mprintie au msimulie, maana mimi nimejifunza haya kwa maumivu.

Aprili mwaka jana nilikuwa nimekaa siti ya mbele kwenye teksi ya kaka yangu, barabara ya Mandela, jioni, mvua inanyesha. Daladala mbele yetu ikasimama ghafla. Kaka akakanyaga breki, gari likaendelea kuteleza kama limepakwa sabuni, mpaka puu! Yeye alivunjika mkono, akakaa nyumbani miezi miwili. Nyumba nzima tunamtegemea yeye, kwa hiyo hata ada ya mdogo wetu ilikwama.

Kilichonishangaza ni kwamba matairi ya mbele alikuwa kayanunua wiki mbili kabla. Ya mtumba, lakini kashata zimejaa kabisa. Fundi alipoyaangalia akacheka kwa uchungu: "Dogo, haya ni matairi ya barafu. Huku nani ana theluji?"

Tangu siku hiyo nimekuwa mdadisi. Mimi sio fundi, nimemaliza kidato cha nne tu, ila haya nimeyahakikisha. Pwani masika ni Machi mpaka Mei, kwa hiyo kagua mwezi wa pili.

1. AINA YA TAIRI
Magari na matairi mengi yaliyotumika yanatoka Japani, na Japani kuna majira ya baridi kali. Kule wanafunga matairi maalumu ya theluji. Mpira wake ni laini ili usikauke joto likishuka chini ya nyuzi 7. Ukiuleta Dar kwenye nyuzi 30, unalainika kupita kiasi, unaisha haraka, na kwenye lami yenye maji gari linachelewa kusimama. Angalia ubavuni: ukikuta neno STUDLESS, au mchoro wa mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake, achana nalo hata kama linang'aa.

2. UMRI, KASHATA NA UPEPO
Ubavuni pia kuna namba nne kwenye kiduara kirefu. 2319 maana yake limetengenezwa wiki ya 23, mwaka 2019. Mpira unazeeka hata ukikaa stoo, kwa hiyo usidanganywe na rangi nyeusi.

Kashata ndizo zinazotoa maji chini ya tairi. Ndani ya mifereji kuna vinundu vidogo. Kashata zikilingana navyo, zimebaki milimita 1.6, hilo ni kipara. Kwa mvua ni bora ubadilishe zikifika milimita 3. Upepo upime asubuhi tairi likiwa la baridi, ufuate kibandiko cha mlango wa dereva, sio makadirio ya mtu wa pancha.

3. WAIPA NA UKUNGU WA KIOO
Jua la kiangazi linakausha mpira wa waipa. Ikiacha mistari au ikipiga kelele, badilisha. Kioo kikipata ukungu kwa ndani, usifute kwa mkono. Washa AC, elekeza upepo kwenye kioo: AC inakausha hewa, ukungu unaondoka. Wengi wanadhani AC ni ya joto tu!

4. BREKI NA TAA
Breki zikisaga kama chuma kwa chuma, au gari likivuta upande mmoja ukikanyaga, nenda gereji leo, sio mwisho wa mwezi. Taa, mwambie mtu asimame nyuma wakati unakanyaga breki. Kwenye mvua mwenzako anakuona kwa taa hizo tu.

5. UKIWA BARABARANI
Mvua ya kwanza ndio hatari zaidi, maana inachanganya vumbi na mafuta yaliyomwagika kwenye lami. Punguza mwendo, acha nafasi mara mbili ya kawaida. Ukihisi usukani umekuwa mwepesi ghafla, tairi linaelea juu ya maji. Usikanyage breki kwa nguvu. Toa mguu kwenye mafuta, shika usukani bila kuukata, subiri tairi lishike tena.

6. MAJI YALIYOFURIKA
Hapa hakuna ujanja. Maji yanayotembea ya sentimita 30 yanaweza kuelea gari dogo, na ya sentimita 60 yanabeba hata magari makubwa. Wa Dar mnaijua Jangwani inavyofungwa. Desemba 2011 mafuriko ya jiji hili yaliua watu wasiopungua 40. Kama huoni lami, geuza.

Gari likizimika ndani ya maji, USIWASHE TENA. Maji yakiingia kwenye silinda hayabanwi kama hewa, kwa hiyo ukipiga stata unaweza kupinda konrodi, na hapo injini imekwisha. Toka, sukumeni, litolewe maji na fundi kwanza. Na kama umevuka maji kidogo salama, kanyaga breki taratibu mara kadhaa zikauke.

Kaka amesharudi kazini. Siku hizi akienda kununua tairi ananibeba na mimi, nachuchumaa na tochi ya simu nasoma ubavu mzima, wauzaji wananiita mkaguzi. Waniite tu. Tuliona tumeokoa hela kwenye matairi mawili, tukalipa kwa mkono wake na bampa la watu.

Haya wadau, nawakilisha. Mafundi na madereva mliomo humu, kama nimeacha kitu ongezeeni hapo chini, na kama nimekosea nirekebisheni bila matusi.