Tarehe ya Kiungo: Useremala wa Visiwa vya Lamu

Wapitao mitaa ya Amu, yaani mji wa Lamu, husifu nakshi za milango. Seremala hutazama pembe kwanza: mahali mwimo unapokutana na kizingiti, na jinsi mfaa ulivyoshikana na ubao wake. Nakshi imeandikiwa mengi. Viungo, vilivyoiweka nakshi hiyo wima kwa vizazi, havijapewa haki yao.

Ufundi wa kuunga mti bila chuma tunauona kwanza baharini. Wabajuni wa Faza na visiwa vya jirani waliunda mitepe, vyombo ambavyo mbao zake zilishikizwa kwa vigingi vya mti, kisha zikashonwa kwa kamba za usumba. Mitepe iliendelea kusafiri mpaka mwanzoni mwa karne ya 20. Mafundi wa nchi kavu nao walikuwa na sababu ya kuuogopa msumari: katika hewa ya chumvi chuma hushika kutu, huvimba, na mwisho huupasua mti. Kigingi huvimba na kusinyaa pamoja na ubao kilimopigwa.

Pate ilipokuwa na nguvu, kabla ya karne ya 19, matajiri wake walitaka vyumba vya fahari, na kisiwa hicho kilikuwa na mikono ya kuwatimizia. Siyu hasa ulikuwa mji wa wanazuoni na mafundi: wanakili wa misahafu, wafua fedha, washona ngozi, wachongaji na wakereza. Msahafu ulihitaji marufaa ya kuwekwa juu yake, na marufaa ni somo zima la useremala. Hutolewa katika ubao mmoja. Fundi huupasua unene wake kutoka juu hadi karibu na katikati, kisha kutoka chini vivyo hivyo; pale katikati hukata meno yanayopishana. Ubao ukifunguliwa, unasimama kwa miguu minne. Hakuna gundi, wala msumari, wala kipande cha kuongeza. Patasi ikiteleza mara moja, ubao wote umeharibika.

Kitanda kilitaka hesabu nyingine. Matendegu yalikerezwa, na mengine yalitiwa lakiri nyekundu na nyeusi wakati mti ukizunguka, ili joto la msuguano liyeyushe rangi na kuishikisha. Kila tendegu lilitobolewa matundu ya kupokea ndimi za mifumbati, miti ya ubavuni, na za vitakizo, miti ya kichwani na miguuni. Kisha kitanda kikawambwa kwa kamba. Kamba zinapovutwa, mifumbati inavutana na vitakizo vinavutana, na kila ulimi unasukumwa ndani ya tundu lake. Uzito wa mlalaji huzidi kuzikaza kamba hizo. Kwa hiyo mwambaji alikuwa anamalizia kazi ya seremala, na kitanda kilicholegea kilipona kwa kuwambwa upya.

Kiti cha enzi kilijengwa kwa akili hiyo hiyo. Ni kiti cha mpingo, chenye mgongo mrefu ulionyooka, mikono mipana, mahali pa kuwekea miguu, vipande vya pembe za ndovu, na paneli zilizofumwa kwa uzi. Viunzi vyake ni vyembamba na vya mraba, vikiingiana kwa ulimi na tundu, na kiti kinaweza kufunguliwa vipande na kuungwa tena. Aliyekalishwa juu yake alikuwa mgeni wa heshima au mkubwa wa mji.

Vita vya Shela, yapata 1812, ambapo Amu iliishinda Pate, viliupindua ukubwa wa Pate. Amu ikapanda chini ya himaya ya Sayyid Said, mtawala wa Omani, na ngome yake ikakamilika yapata 1821. Siyu iliendelea kupigana na majeshi ya Sayyid Said katika miaka ya 1840, mpaka ikasalimu amri katika miaka ya 1860. Utajiri mpya wa Amu ulionekana milangoni. Mbao za mlango hazikutundikwa kwa bawaba: kila moja iliachiwa ncha juu na chini, na ncha hizo huzunguka ndani ya matundu ya fremu.

Utajiri huo ulisimama juu ya mashamba yaliyolimwa na watumwa. Utumwa ulipofutwa kisheria mwaka 1907, nyumba kubwa nyingi zilidhoofika, na samani zikaanza kuuzwa. Baadaye James de Vere Allen, mtunzaji wa Makumbusho ya Lamu, aliviandikia viti vya enzi makala iliyochapishwa mwaka 1989. Mwaka 2001 UNESCO iliuingiza Mji wa Kale wa Lamu katika Urithi wa Dunia. Sheria ya Kenya ya Makumbusho na Urithi ya 2006 inalinda milango na fremu zilizochongwa kabla ya 1946, na kuvihesabu vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1895 kuwa mambo ya kale.

Sheria hulinda kitu kilichokwisha tengenezwa. Ujuzi wa kukitengeneza hulindwa kwa kufundishwa. Leo karakana za Amu bado zinachonga milango, na katika kijiji cha Matondoni bado wanaunda vyombo. Lakini mnunuzi hulipia ua analoliona, na fundi mwenye haraka hupiga msumari mahali pa ulimi. Tukitaka kazi ya Siyu iendelee kuishi, tuchore na kupima viungo vya samani zilizobaki, tumlipe fundi muda wa kuchimba tundu, na mwanagenzi afunzwe kuunga kabla hajafunzwa kunakshi. Kitanda kilichoungwa vyema mjukuu atakifungua, atabadilisha mfumbati uliooza, na atakiwamba tena. Cha misumari atakitupa.