Kusafisha Picha ya Ndege

Sisi tulioanza kupiga picha enzi za filamu tulikuwa na neno letu, kusafisha. Ukimaliza filamu yako ya picha 36 uliipeleka studio ikasafishwe, na maana yake ilikuwa kwamba kile kilichokwisha kuingia ndani ya kamera sasa kitolewe nje kionekane. Siku hizi neno ni lile lile, lakini vijana wakilitamka wana maana nyingine: kuongeza mwanga kwenye kompyuta, kukata pembeni, kufuta kisichopendeza. Nimeishi katika maana zote mbili. Kuna na ya tatu, ambayo niliijua kwa kuchelewa, na hiyo ndiyo inayonifanya niandike.

Mwaka 1994 nilinunua lenzi iliyotumika ya milimita 400. Wakati huo nilikuwa mpangaji Kinondoni, na filamu zangu nilizipeleka kwa mzee mmoja mwenye studio Magomeni, ambaye maisha yake yote yalikuwa picha za pasipoti na za harusi. Nilimpelekea filamu nzima ya ndege. Alipoitoa ilikuwa ni vivuli vitupu. Alizitazama zile picha moja moja, kwa heshima, kana kwamba zina watu anaowafahamu. Kisha akasema, "Kijana, lenzi haiendi badala yako. Wewe ndiye wa kwenda."

Sikumwelewa. Niliamini kuwa lenzi ndefu imetengenezwa kwa ajili ya mtu asiyetaka kwenda. Ilinichukua miaka kadhaa na fedha nyingi za filamu kujifunza vinginevyo.

Kwanza, lenzi inayomkuza ndege hukuza pia mtetemo wa mkono wako. Kwa milimita 400, ukipiga kwa kasi iliyo chini ya sehemu moja ya 500 ya sekunde bila stendi ya miguu mitatu, usitegemee kitu. Pili, ukiwa mita tano kutoka kwa ndege na tundu la lenzi limefunguliwa hadi 5.6, sehemu inayoonekana sawasawa haizidi sentimita tano, upana wa vidole vitatu hivi. Ukilenga bawa, jicho linapotea; na picha ya ndege ambaye jicho lake limefifia ni picha ya manyoya tu. Tatu, ukikaa mbali ukatumaini lenzi ikuvutie, unavuta na hewa iliyo kati yenu. Mchana wa Dar es Salaam, juu ya mapaa ya bati, hewa hiyo hucheza kama maji yanayochemka, na hakuna lenzi ya bei yoyote inayoweza kuituliza.

Chozi alinifundisha la nne. Huyu ndege mdogo mwenye mdomo uliopinda, anayefyonza maua, tukimwona juani dume lake linang'aa kijani na zambarau. Sehemu kubwa ya rangi ile haikupakwa kwenye unyoya. Inatokana na namna unyoya wenyewe unavyourudisha mwanga. Jua likiwa nyuma yake atatoka mweusi kama mkaa. Lazima jua liwe mgongoni kwako, asubuhi na mapema, nawe uwe karibu na umetulia. Basi yule mzee alikuwa amesema kweli.

Baadaye nilipoanza kusoma habari za kazi hii, niliona kwamba historia yake inapita mlangoni kwetu. Mwaka 1891 Wajerumani walihamisha makao makuu ya koloni lao kutoka Bagamoyo kuja Dar es Salaam. Mwaka huo huo, huko Ulaya, watu watatu walitoa lenzi ya kuvuta mbali, kila mmoja kivyake: Dallmeyer wa London, Miethe wa Berlin na Steinheil wa Munich. Ufundi wao ulikuwa kwamba vioo vya mbele vikusanye mwanga na vya nyuma viutawanye kidogo, ili kamera fupi ifanye kazi ya kamera ndefu.

Haikupita miaka mingi lenzi hiyo ikawa inabebwa vichwani mwa wapagazi wetu. Mjerumani Carl Georg Schillings alizunguka nyika za Umasaini na bonde la mto Pangani, na mwaka 1905 kitabu chake, Mit Blitzlicht und Büchse, kilichapishwa Leipzig. Jina hilo maana yake ni kwa taa ya kumweka na kwa bunduki, na kweli aliwapiga wanyama kwa vyote viwili. Tafsiri ya Kiingereza ya mwaka 1906 ilitangaza picha 302 za mwandishi ambazo hazikuguswa. Neno hilo lilikuwa na uzito, kwa sababu wasomaji wa Ulaya walikuwa wamezoea wanyama wa kuchorwa, na mchoraji huchora apendavyo. Schillings alikuwa anawaambia: hiki ndicho kilichokuwapo.

Nami nilikiamini kiapo hicho, na bado ninakiheshimu. Lakini picha isiyoguswa nayo ina mkono wa mtu. Usiku alifunga mnyama wa chambo ili simba aje mbele ya taa. Waliobeba vioo vyake vizito vya picha walikuwa watu wengi, na kwenye jalada kuna jina moja tu. Kabla kidole hakijabonyeza, mpigapicha amekwisha kuamua kitakachoonekana na kitakachoachwa nje.

Kule Uingereza ndugu wawili, Richard na Cherry Kearton, walikuwa wameshika njia nyingine. Mwaka 1895 walitoa kitabu cha viota vya ndege ambacho picha zake zote zilipigwa kwa kamera. Baadaye walitengeneza ng'ombe wa bandia, mmoja wao akawa anajificha tumboni mwake ili awakaribie ndege. Watu waliwacheka, lakini walifika karibu.

Mimi sikuwa na ng'ombe, nilikuwa na magunia. Mwaka 2009 nilikwisha kuhamia Mtoni Kijichi, Temeke, na nilikuwa na kamera ya dijitali. Mwezi wa Novemba chozi jike alijenga kiota kwenye mlimau nyuma ya nyumba. Kilikuwa kama mfuko mdogo unaoning'inia, umefungwa kwa nyuzi za buibui, mlango wake ubavuni. Nilishona magunia, nikayatundika mita tano kutoka mtini, nikakaa ndani yake asubuhi tatu, na majirani wakadhani nimepatwa na jambo. Asubuhi ya nne nilipata nilichokitafuta kwa miaka 15: mama ameshikilia ukingo wa mlango, makinda mawili yamefunua midomo, jicho la mama limetoka wazi kabisa na ndani yake kuna nukta ya jua.

Nyuma yake, juu ya tangi la maji la jirani, kulikuwa na doa la kijivu na jeusi. Kunguru.

Kunguru huyu wa shingo ya kijivu si mwenyeji wetu. Aliletwa Unguja kutoka India katika miaka ya 1890, ile ile ya lenzi na ya makao makuu, ili asafishe takataka za mji. Neno lile tena. Alisafisha takataka, kisha akaendelea na mayai na makinda ya ndege wengine, akazaana na kuenea pwani yote. Dar es Salaam kampeni za kumpunguza kwa mitego na kwa sumu zimefanyika zaidi ya mara moja, na bado yupo. Wengi wetu tunakumbuka mitaa iliyokuwa na ndege wadogo wa kila sauti. Leo alfajiri yake ni ya kunguru.

Mpwa wangu, aliyekuwa akisoma mambo ya kompyuta, aliitazama picha akasema, "Mjomba, hili doa linaiharibu. Niachie nikusafishie." Dakika kumi hazikupita, kunguru hayupo. Palibaki anga laini la buluu. Tuliichapisha kubwa, ikatundikwa sebuleni, na kila mgeni akaisifu.

Siku ya sita nilikuta kiota kimechanwa, kinaning'inia kama kitambaa. Makinda hayakuwapo. Mama alikuwa akirukaruka kwenye tawi, akienda na kurudi, akiwa na chakula mdomoni.

Ndugu msomaji, ningependa kukuambia kwamba kosa ni la kunguru na hadithi iishe hapo. Lakini kuna jambo ambalo sikumwambia mtu siku zile. Asubuhi ya pili, nilipoona majani mawili matatu yananizibia mlango wa kiota, nilitoka na mkasi nikayakata. Nilitaka picha safi. Majani yale ndiyo yaliyokuwa yakimficha mama huyo na yeyote aliyekaa juu ya tangi. Huenda kunguru angekiona kiota hata hivyo. Macho yake ni makali kuliko lenzi zetu. Ila siwezi kuapa, na hilo ndilo linaloniuma.

Jioni ile niliifungua picha ya asili, ambayo kwa bahati mpwa wangu hakuifuta. Nilimtazama kunguru kwa muda mrefu. Kichwa chake, ingawa hakikutoka vizuri, kilikuwa kimeelekea mtini.

Bado ninarekebisha picha. Ninapunguza kivuli, ninakata pembeni, ninaongeza makali kidogo kwenye jicho, kama yule mzee wa Magomeni alivyokuwa akiongeza sekunde mbili tatu kwenye chumba chake cha giza. Sioni dhambi hapo. Lakini sifuti kilichokuwapo, na mkasi siubebi. Jani likiziba, nasubiri upepo. Upepo usipokuja, narudi nyumbani bila picha.

Ile ya sebuleni niliishusha. Nikatundika ya asili, yenye doa. Wageni huniuliza kwa nini sikuisafisha, nami huwaketisha kwanza.