Nafsi nyingi, mwili mmoja: Ni jini au ni maradhi?

KATIKA kaunti za Garissa, Wajir na Mandera, zilizokuwa Mkoa wa Kaskazini Mashariki, mtu anayebadilika ghafla sauti, jina na tabia aghalabu husemwa kuwa amepandwa na jini. Jamaa humwita sheikh amsomee Kurani. Wengine, hasa wanawake, hufanyiwa ngoma ya saar, ambapo pepo hubembelezwa kwa ubani na nyimbo.

Wataalamu wa akili nao wanaijua hali inayokaribiana na hiyo: ugonjwa wa utengano wa nafsi. Mgonjwa huwa na nafsi mbili au zaidi zinazopokezana kumtawala, kila moja na mwenendo wake. Baadaye huenda asikumbuke aliyoyasema wala kuyatenda. Hadi 1994, madaktari wa akili wa Marekani waliuita ugonjwa wa nafsi nyingi.

Wagonjwa wengi husimulia dhuluma walizotendewa mara kwa mara utotoni. Mtoto asiyeweza kukimbia wala kujitetea hujitenga na maumivu, kana kwamba yanampata mwingine. Hata hivyo, wapo wataalamu wanaoshikilia kwamba imani za jamii na maswali ya tabibu huchangia pia.

Ugonjwa huu usichanganywe na kiwewe cha mkasa mmoja. Mauaji ya Wagalla, Wajir, mnamo Februari 1984, na shambulizi la Aprili 2, 2015 katika Chuo Kikuu cha Garissa lililoua watu 148, ni misiba inayoweza kumwachia manusura jinamizi na hofu ya miaka mingi. Lakini manusura huyo kwa kawaida hubaki na nafsi moja.

Je, kila aliyepandwa na jini ni mgonjwa? La. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani wa 2013 ulikiri kwamba katika baadhi ya jamii utengano huu huonekana kama kupagawa. Papo hapo uliweka sharti: jambo lililo sehemu ya kawaida ya mila au dini halihesabiwi kuwa ugonjwa. Orodha ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika Januari 2022 inafuata msimamo huo huo.

Hivyo, mwanamke anayepandwa na pepo katika saar, kisha akarejea nyumbani na kuendelea na shughuli zake, si mgonjwa. Wa kutiliwa shaka ni yule ambaye hali hiyo humjia bila hiari, popote pale, ikamharibia kazi, masomo au ndoa.

Huyo apimwe hospitalini kwanza, kwani kifafa na dawa za kulevya huweza kuleta dalili kama hizo. Hakuna dawa inayoziunganisha nafsi. Tiba kuu ni mazungumzo ya muda mrefu na mtaalamu, ingawa dawa husaidia huzuni na wasiwasi vinavyoandamana nao.

Kisomo cha sheikh hakizuii matibabu hayo. Minyororo na viboko, kinyume chake, humwongezea jeraha mtu aliyekwisha kujeruhiwa. Na kwa kuwa wagonjwa wengi wa aina hii hujaribu kujitoa uhai, anayetamka neno la kutaka kufa asisubiri ngoma wala kisomo: afikishwe hospitalini siku hiyo hiyo.