Kansere ya ziwa: kwa nini kisu kikubwa hakikutosha

Kwa karibu miaka 80, mwanamke wa Marekani aliyepatikana na kansere ya ziwa alikatwa ziwa lote, misuli ya kifua na tezi za kwapani. Upasuaji huo ulienezwa na daktari William Halsted wa hospitali ya Johns Hopkins, mjini Baltimore, aliyetoa ripoti ya wagonjwa 50 mwaka wa 1894. Fikira yake ilikuwa rahisi: kansere inatembea hatua kwa hatua, toka ziwani hadi kwapani, kisha mbali zaidi. Ukikata kupita pale ilipofika, umeimaliza. Kidonda kilipona, lakini kifua kilibaki ngozi na mbavu, na akina mama wengi waliishi na mkono uliovimba. Hata hivyo wengi walikufa na kansere ya mifupa, mapafu ao ini.

Sababu ilikuwa imekwisha kuguswa huko London. Mwaka wa 1889 daktari Stephen Paget alipitia taarifa za wanawake 735 waliokufa na kansere ya ziwa. Katika 241 aliona kansere imefika kwenye ini. Katika 17 tu imefika kwenye bandama. Kama chembe za kansere zingebebwa na damu na kuanguka popote, bandama, inayopokea damu nyingi, ingepata fungu lake. Paget akalinganisha chembe hizo na mbegu: zinabebwa kila upande, lakini zinaota tu penye udongo unaozifaa. Mkulima wa Walungu ao Masisi hahitaji kufafanuliwa zaidi.

Neno lake halikusikilizwa sana. Mwaka wa 1928 James Ewing wa New York alisema njia za damu peke yake zinatosha kueleza mambo. Ilibidi kungoja Isaiah Fidler, Marekani, ambaye mwaka wa 1970 alitia alama ya mionzi kwenye chembe za kansere ya ngozi na kuziingiza katika damu ya panya. Baada ya siku moja, katika kila chembe 1000 hata moja haikubaki hai. Safari ya damu inaua karibu zote. Mwaka wa 1980, yeye na Ian Hart walipandikiza vipande vya pafu, ovari na figo katika panya: kansere ikaota kwenye pafu na ovari, lakini si kwenye figo. Damu ilifika kote. Udongo ndio uliotofautiana.

Wakati huohuo Bernard Fisher wa Pittsburgh alikuwa akimpinga Halsted kwa hesabu. Toka mwaka wa 1971, wanawake waligawanywa kwa kura: wengine upasuaji mkubwa, wengine mdogo. Wapasuaji wengi walimkasirikia. Lakini wanawake waliokatwa sana hawakuishi zaidi ya wale waliokatwa kidogo, na matokeo ya mwaka wa 1985 yalionyesha kwamba kwa wengi inatosha kutoa uvimbe, kisha mionzi, bila kuondoa ziwa. Kwetu kuna wanaosema kisu ndicho kinaamsha kansere, na mama anaficha uvimbe kwa kuogopa hospitali. Kazi ya Fisher inaeleza tofauti: mara nyingi chembe zilikuwa zimeondoka ziwani hata kabla ya kisu kushikwa. Kadiri mama anavyokawia, ndivyo zinavyopata muda wa kuondoka.

Zinaondokaje? Hapo ndipo kazi ya laboratwari iliingia. Chembe za ziwa zimeshikana kwa protini iitwayo E-kadherini, kama matofali na udongo wa kujengea. Chembe nyingi za kansere zinaipoteza, kisha zinatoa vimeng'enya vinavyotoboa utando unaozizunguka. Dawa za kuzuia vimeng'enya hivyo zilijaribiwa kwa wagonjwa katika miaka ya 1990 na zikashindwa, jambo lililovunja moyo wengi. Mwaka wa 2001 ikaonekana kwamba chembe za kansere ya ziwa zina kipokezi kinachoitwa CXCR4, kinachovutwa na kemikali inayopatikana kwa wingi katika mapafu, ini na uboho wa mifupa. Udongo wa Paget ulipata jina. Mwaka wa 2004 watafiti walizima geni ya Twist katika kansere ya ziwa ya panya: uvimbe wa ziwani uliendelea kukua, lakini kansere iliyofika mapafuni ilipungua sana. Kukua na kuhama ni kazi mbili tofauti.

Faida iliyowafikia wagonjwa upesi zaidi ilitoka kwa protini nyingine. Mwaka wa 1987 Dennis Slamon na wenzake walipima uvimbe 189, wakakuta karibu asilimia 30 una nakala nyingi mno za geni ya HER2. Wenye hali hiyo walirudiwa na ugonjwa haraka na kufa mapema. Dawa ya kuifunga HER2, trastuzumab, ilikubaliwa Marekani mwaka wa 1998. Mwaka wa 2015 OMS iliitia kwenye orodha ya dawa za lazima. Lakini haimfai mwanamke yeyote kabla ya kipande cha uvimbe wake kupimwa HER2 katika laboratwari.