Ganzi na Maumivu ya Baada ya Kisu

Mwaka 1809, huko Danville, Kentucky, Jane Todd Crawford alipasuliwa tumbo na Ephraim McDowell, akatolewa uvimbe wa ovari wa takribani kilo 10, bila ganzi yoyote. Alipona. Anarcha, Betsey na Lucy, watumwa wa Alabama, hawakupewa hata hiari: kati ya 1845 na 1849 J. Marion Sims aliwapasua mara nyingi wakiwa macho, akitafuta tiba ya fistula.

Mwaka 1879, huko Kahura katika ufalme wa Bunyoro, msafiri Robert Felkin alimwona mama akipasuliwa ili ajifungue. Mama alinyweshwa kwanza pombe ya ndizi. Pombe hiyohiyo ikaosha mikono ya mpasuaji na tumbo la mgonjwa. Jeraha likabanwa kwa vipini vya chuma na nyuzi za gome la mti. Mpasuaji yule, ambaye hatukuachiwa jina lake, aliyafikiria maumivu ya mgonjwa wake. Kwangu mimi huyo anastahili heshima kumzidi Sims.

Felkin alichapisha habari hizo mwaka 1884, mwaka uleule Carl Koller alipotia ganzi macho kwa kokeini. Mwaka 1898 August Bier akaidunga kwenye uti wa mgongo. Baadaye Sweden ikatoa lidokaini, kisha bupivakaini, inayodumu zaidi.

Lakini kwa miaka mingi hesabu iliishia pale uzi wa mwisho unapokatwa. Mama aliyejifungua kwa upasuaji akirudishwa wodini, ganzi ikiisha, aliambiwa avumilie. Leo njia zipo. Mofini kidogo ikichanganywa na ganzi ya uti wa mgongo hutuliza hadi karibu siku nzima, ingawa huleta mwasho na kichefuchefu. Mwaka 2001 daktari Rafi alieleza ganzi inayodungwa kati ya misuli ya ukuta wa tumbo; hutuliza mshono vizuri, ila haifiki kwenye kizazi chenyewe, na kwa aliyekwisha kupata mofini ya uti faida yake ni ndogo. Siku hizi huongozwa kwa ultrasaundi. Njia ya tatu ni rahisi kuliko zote: daktari hudunga bupivakaini pembezoni mwa jeraha kabla ya kushona. Hudumu kwa saa kadhaa tu, na kipimo chake hakipaswi kupita kiasi, maana dawa ikizidi hudhuru moyo. Hata hivyo haihitaji mashine, na dawa yenyewe imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani.

Mahali pasipo na ultrasaundi, sioni sababu ya kuiacha njia hii ya tatu. Dada, mama, ukipangiwa upasuaji, muulize daktari kabla hujaingia chumbani: ganzi ikiisha, mtanituliza kwa dawa gani?