Nani Afunge Mteremko? Amri ya Saa za Kwanza katika Uokoaji wa Maafa Kakamega

Katiba ya Kenya ya 2010 inataja udhibiti wa maafa mara mbili. Jedwali la Nne linauweka miongoni mwa majukumu ya serikali ya kitaifa, kisha linauweka tena, sambamba na huduma za zimamoto, miongoni mwa majukumu ya kaunti. Kwa hiyo mkasa ukitokea Kakamega, maofisa wa gavana na wa kamishna wa kaunti wote hufika wakiwa na haki ya kutoa amri. Kitaifa nako kuna Kituo cha Operesheni za Maafa kilichoundwa 1998, enzi ya mafuriko ya El Niño, Kitengo cha Kudhibiti Maafa kilicho chini ya polisi, na Mamlaka ya Kudhibiti Ukame. Kwamba vyombo hivi hupishana, hakuna anayebisha.

Ubishi uko kwenye tiba. Miswada iliyopelekwa Bungeni mara kwa mara imejengwa juu ya hoja kwamba dawa ni mamlaka moja ya kitaifa itakayowaamuru wengine wote. Hoja hiyo inachukulia kuwa amri ikitoka kwa mmoja, uokoaji utanyooka. Historia ya Kakamega yenyewe inaikanusha.

Mnamo Agosti 2007, baada ya mvua kubwa, ardhi iliporomoka katika kijiji cha Khuvasali, upande wa Malava, na kufukia watu. Majirani walikimbilia pale kuwafukua. Wakiwa katikati ya kazi hiyo, mteremko uliporomoka tena, na waliokuja kuokoa wakafukiwa pia. Wakati huo hapakuwa na kaunti wala gavana. Amri ilikuwa moja, ikishuka kutoka kwa mkuu wa mkoa hadi kwa mkuu wa wilaya, mkuu wa tarafa, chifu na naibu wake. Kituo cha Operesheni nacho kilikuwa na umri wa miaka 9. Umoja wa amri haukukosekana. Alikosekana mtu mwenye idhini na ujuzi wa kusimama chini ya ule mlima na kuwaambia watu warudi nyuma.

Kisa hiki kinastahili kutazamwa kwa karibu. Udongo wa chini ukishaondoka, ule wa juu uliolowa maji hubaki bila egemeo. Dalili huonekana: nyufa juu ya mteremko, miti iliyoinama, maji ya chemchemi yanayogeuka matope ghafla. Anayefukua kwa jembe ameinama na macho yake yako kwenye udongo ulio mbele yake. Lazima awepo mwingine ambaye kazi yake ni kutazama juu tu. Kumweka mlinzi huyo hakugharimu chochote, ila lazima ijulikane mapema nani atamweka.

Itasemwa kwamba tukio moja halithibitishi kanuni, na ni kweli. Pia mafuriko ya mto Nzoia, unaotoka milima ya Cherangany, kupitia Kakamega na kumwagikia Budalang'i, yanavuka mipaka ya kaunti na yanahitaji mratibu wa juu. Lakini mratibu wa bonde zima la mto si kamanda wa saa ya kwanza kijijini, na miswada imezichanganya kazi hizo mbili.

Kwa upande wa fedha, kikwazo ni kidogo kuliko inavyodaiwa. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inaruhusu kaunti kuwa na mfuko wa dharura, kulipa kwanza, kisha kuomba idhini ya bunge la kaunti ndani ya miezi miwili. Ujuzi pia upo karibu: Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, mjini Kakamega, kinafundisha udhibiti wa maafa.

Kinachohitajika ni makubaliano ya maandishi chini ya Kifungu cha 189 cha Katiba, kinachozitaka ngazi mbili za serikali zishirikiane. Yaseme kwamba naibu wa chifu, au ofisa wa zimamoto akitangulia kufika, ndiye anayefunga eneo na kuweka mlinzi wa mteremko. Kwamba amri yake haitenguliwi na mkubwa yeyote kabla ya makabidhiano. Na kwamba tahadhari ya Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa imfikie chifu moja kwa moja. Makubaliano hayo hayangoji mswada wowote. Yanangoja sahihi mbili, ya gavana na ya kamishna wa kaunti, na yatiwe sahihi kabla ya mvua zijazo.