Selimundu Kando ya Ziwa: Damu Inaporudi

Mwaka 1949 Anthony Allison, aliyekulia Kenya na kusomea Oxford, alizunguka nchi akipima damu. Pwani na kando ya Ziwa Victoria, ukanda wenye malaria nyingi ambamo zimo Homa Bay na Migori za leo, waliobeba jeni ya selimundu walizidi asilimia 20. Nyanda za juu hawakufika asilimia 1. Mwaka 1954 alichapisha jaribio la wanaume 30 Waluo aliowaambukiza malaria kusudi, jambo ambalo kamati ya maadili ya leo isingeliruhusu. Kati ya 15 waliobeba jeni hiyo, 2 tu walionekana na vimelea. Kati ya 15 wasiokuwa nayo, 14. Dunia ikapata somo maarufu la uteuzi asilia, na mtoto aliyerithi jeni hiyo kwa baba na kwa mama akabaki pembeni mwa hadithi.

Hata alipotazamwa, kilichotazamwa ni umbo la seli, si mshipa zinamopita. Seli zikipinda na kuziba mshipa, mtoto mdogo huvimba vidole vya mikono na miguu, hulia akiguswa. Damu ikipita tena, uvimbe hunywea na watu wazima hushusha pumzi. Lakini mwaka 2000 watafiti Kaul na Hebbel walionyesha katika panya wenye selimundu kwamba oksijeni inaporejea huchokoza ukuta wa mshipa, na seli nyeupe huung'ang'ania. Nafuu yenyewe ina jeraha lake, kwa hiyo kungoja maumivu ndipo utibu ni kuchelewa.

Atakayesema kwamba kando ya ziwa malaria na upungufu wa damu huua kabla ya mishipa kuchakaa ana hoja nzito. Ilihofiwa pia kwamba hidroksiyurea, dawa ya selimundu inayopunguza pia seli nyeupe, ingewadhoofisha watoto mbele ya malaria. Utafiti wa REACH, uliofanywa Angola, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Uganda na Kilifi nchini Kenya, ulikuta kinyume: kwa kila wagonjwa 100 kwa mwaka, vipindi vya maumivu vilishuka kutoka 98 hadi 45, na malaria kutoka 47 hadi 23. Haukuwa na kundi lisilopewa dawa, lakini tofauti hiyo si ndogo. Dawa huongeza himoglobini ya kijusi, ile ya kabla ya kuzaliwa, seli zisipinde, mshipa usizibe wala usizibuliwe. Sharti lake ni kumeza kila siku na kupimwa damu mara kwa mara, yaani kliniki inayompokea mtoto siku ambayo haumwi.